Wanaosikia Sauti Wasisikie Neno: Nuropathi ya Usikivu kwa Wanafunzi Viziwi wa Mara

Wanafunzi wanaofundishwa kwa Lugha ya Alama ya Tanzania katika darasa moja huandikishwa wote kuwa wenye ulemavu wa usikivu, lakini masikio yao hayakuharibika kwa namna moja. Walio wengi wameathirika ndani ya koklea, yaani kiungo kidogo kilichojiviringa katika sikio la ndani ambacho hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa ishara za umeme. Wengine wana usaha wa muda mrefu uliotoboa kiwambo cha sikio. Na wachache wana koklea inayopokea sauti kama inavyotakiwa, huku taarifa ya sauti hiyo ikifika kwenye ubongo imevurugika au isifike kabisa. Hali hii ya tatu huitwa nuropathi ya usikivu. Kwa mtazamaji wa kawaida, na mara nyingi hata kwa mwalimu mzoefu, mtoto mwenye hali hiyo hana alama yoyote inayomtenga na wenzake, na ndiyo maana katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amehudumiwa miaka yote kana kwamba tatizo lake ni lile la jirani yake wa dawatini.

Tofauti hiyo haieleweki bila kutazama kazi ya koklea kwa karibu. Ndani yake mna aina mbili za seli zenye vinyweleo. Seli za nje, ambazo kwa binadamu ni takribani 12,000 katika kila sikio, hurefuka na kufupika kwa kasi ili kuikuza sauti hafifu. Seli za ndani, takribani 3,500, ndizo hasa zinazoikabidhi sauti kwa neva ya usikivu, yenye nyuzi zipatazo 30,000. Katika uziwi wa kawaida wa sikio la ndani, seli za nje huwa miongoni mwa za kwanza kufa. Katika nuropathi ya usikivu seli za nje zi hai na zinafanya kazi, ila hitilafu imo katika seli za ndani, au katika kiungio kati ya seli hizo na neva, au katika neva yenyewe, na matokeo yake ni kwamba nyuzi za neva hazipeleki ishara kwa wakati mmoja. Mtumbwi wa mashindano katika Ziwa Victoria hauendi kwa nguvu za wapiga kasia tu, bali kwa sababu makasia yote huingia majini kwa pamoja. Kila mmoja akipiga kwa wakati wake, maji yatarushwa na kelele itasikika, lakini mtumbwi hautasogea.

Ubongo hutegemea mpangilio huo wa wakati kuliko watu wengi wanavyodhani. Kujua kwamba kuna sauti huhitaji nguvu ya sauti tu, lakini kulitenga neno na neno lingine huhitaji kupima vipande vya muda vilivyo sehemu ndogo sana za sekunde, kwa kuwa tofauti ya "pata" na "bata" hutegemea kwa kiasi kikubwa kama koo limeanza kutetema kabla ya midomo kufunguka au baada yake. Mtoto mwenye nuropathi ya usikivu anaweza kugeuka anaposikia bodaboda ikimjia kwa nyuma, akashtuka kwa honi ya lori katika barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, kisha asitambue jina lake likiitwa kutoka hatua tatu. Penye utulivu huenda akaambulia maneno kadhaa. Penye kelele huyapoteza yote, na madarasa mengi ya mkoani Mara yameezekwa mabati bila dari, hivyo mvua ikinyesha hata wanafunzi wenye usikivu kamili hawamsikii mwalimu vizuri. Zaidi ya hayo, usikivu wa mtoto huyu huweza kubadilika, leo ukawa wa afadhali na kesho ukawa duni, jambo ambalo huwafanya wazazi na walimu wamwone mkaidi, na maneno "anasikia akitaka" ni miongoni mwa malalamiko ambayo wataalamu wa usikivu hukutana nayo mara kwa mara wanapochukua historia ya watoto wa aina hii.

Mkoa wa Mara una ugumu wake wa ziada katika jambo hili. Mtoto wa Butiama huweza kukulia katika nyumba inayozungumza Kizanaki, wa Bunda katika Kiikizu au Kijita, wa Musoma katika Kikwaya, Kijita au Kijaluo, na Kiswahili akakutana nacho kwa uzito wake darasani. Asipoelewa, maelezo ya kwanza huwa kwamba lugha ya shule bado ni ngeni kwake, na maelezo hayo, yaliyo sahihi kwa watoto wengi, huweza kuchelewesha upimaji kwa mwaka mzima au miwili. Swali linalofaa kuulizwa ni jepesi: je, nyumbani, katika lugha ya mama, mtoto anaelewa maneno bila kuona midomo na mikono ya anayesema naye?

Elimu ya tatizo hili si ya zamani. Kipimo cha mwitiko wa shina la ubongo, ambacho hurekodi umeme wa neva baada ya sikio kupewa mlio, kilipata sura yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 David Kemp, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha kwamba koklea nzima haipokei sauti tu bali pia hutoa sauti yake hafifu sana inayoweza kunaswa na maikrofoni ndogo iliyowekwa kwenye tundu la sikio. Vipimo hivi viwili vilipoanza kufanyika kwa mgonjwa yule yule, ilionekana kwamba wapo watu ambao koklea yao hujibu ilhali shina la ubongo liko kimya, na mwaka 1996 Arnold Starr pamoja na wenzake nchini Marekani wakawaeleza wagonjwa 10 wa namna hiyo na kuipa hali yao jina la nuropathi ya usikivu. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Como, Italia, mwaka 2008 ulipendekeza istilahi pana zaidi inayozungumzia wigo wa nuropathi, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakitofautiana mno: mmoja husikia karibu kama kawaida ila hupotea penye kelele, na mwingine hasikii chochote cha kumfaa.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba katika kila watoto 10 wenye upotevu wa kudumu wa usikivu, mmoja hivi yumo katika wigo huo. Tafiti zilizofanywa ndani ya shule za viziwi katika nchi mbalimbali zimeelekea kupata idadi ndogo zaidi, lakini sehemu ya upungufu huo hutokana na njia ya kupima, kwa sababu sauti ya koklea, ambayo ndiyo dalili inayotafutwa, huweza kufifia na kutoweka kadiri mtoto anavyokua. Kitengo cha viziwi chenye wanafunzi 30, basi, kinaweza kuwa na mmoja au watatu, au kisiwe naye hata mmoja, na hakuna njia ya kujua isipokuwa kupima.

Visababishi vinavyofahamika vingi vinaanzia siku za mwanzo za uhai, na hapa mazingira ya Kanda ya Ziwa yana uzito. Manjano makali ya mtoto mchanga, yanayotokana na mrundikano wa bilirubini katika damu, hudhuru viini vya usikivu katika shina la ubongo na neva inayoelekea huko, huku yakiiacha koklea salama. Upungufu wa kimeng'enyo kiitwacho G6PD, ambao ni wa kurithi na umeenea zaidi katika maeneo ambayo malaria imekaa kwa vizazi vingi, huongeza hatari ya manjano hayo, na watoto wenye upungufu huo huweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvuta hewa ya vidonge vya naftalini ambavyo familia nyingi huweka katikati ya nguo zilizohifadhiwa. Katika ngozi nyeusi rangi ya manjano haionekani mapema; hutafutwa kwenye weupe wa macho na kwenye ufizi, na kumwanika mtoto juani hakuchukui nafasi ya taa maalumu za hospitali manjano yanapokuwa makali. Kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, yaani mtoto kuzaliwa amechoka asilie, ni visababishi vingine vikubwa.

Kipo pia chanzo cha kurithi ambacho athari zake ni rahisi kuhusishwa kimakosa na malaria. Jeni iitwayo OTOF hutengeneza protini ya otoferlini, ambayo huiwezesha seli ya ndani kumwaga kemikali za kuiamsha neva, na mtoto aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili kwa kawaida huzaliwa kiziwi ingawa koklea yake inatoa sauti. Baadhi ya aina za hitilafu hiyo huathiriwa na joto la mwili: homa ikipanda mtoto huziba kabisa, na homa ikishuka hurudia usikivu wake wa awali. Katika wilaya ambazo kila homa hudhaniwa kuwa malaria, na kila uziwi uliofuata homa hudhaniwa kuwa umeletwa na ugonjwa huo au na kwinini, habari ya mtoto anayeziba na kuzibuka pamoja na homa inastahili kuandikwa kwa makini, maana ni dokezo ambalo hata mashine ya gharama haitalitoa siku mtoto anapopimwa akiwa hana homa.

Utambuzi shuleni hauanzi na mashine. Unaanza na kumbukumbu za mwalimu na kadi ya kliniki: mtoto alilia alipozaliwa, alilazwa siku ngapi, aliwekwa chini ya taa, alianza lini kugeukia sauti, na je, kuitikia kwake sauti kunalingana na kuelewa kwake maneno? Kisha sikio hutazamwa kwa kimulika sikio, kwa sababu nta iliyojaa, usaha au kiwambo kilichotoboka huzuia sauti ya koklea isitoke nje, na mtoto mwenye nuropathi akipimwa katika hali hiyo ataonekana kana kwamba koklea yake imekufa. Hatua hii hudharauliwa, nayo ndiyo huharibu upimaji mwingi wa shuleni. Siku ya kusafisha masikio na siku ya kupima zinapaswa kuwa siku mbili, zikitenganishwa na matibabu ya wale waliokutwa na maambukizi.

Kipimo cha sauti ya koklea ndicho kinachoweza kufanyika shuleni bila shida kubwa. Kifaa chake hushikika mkononi, hutumia betri, hugharimu dola za Marekani elfu kadhaa, na hakimhitaji mtoto ajibu wala aelewe chochote: kizibo laini chenye spika na maikrofoni huingizwa sikioni, milio midogo hutolewa, na baada ya muda mfupi kifaa huonyesha kama koklea imejibu. Kinachohitajika ni utulivu wa chumba, na pengine saa ambayo wanafunzi wengine wameshaondoka inafaa kuliko chumba cha gharama. Ila mantiki ya kipimo hiki katika kitengo cha viziwi imegeuzwa. Katika upimaji wa watoto wachanga, anayefaulu huruhusiwa kwenda nyumbani. Katika darasa la viziwi, anayefaulu ndiye anayebakizwa, kwa kuwa koklea iliyopoteza usikivu kwa zaidi ya desibeli 30 hadi 40 hivi kwa kawaida haitoi sauti hiyo tena, na mwanafunzi anayehesabiwa kuwa kiziwi wa kiwango kikubwa ambaye koklea yake inajibu amekwisha kujitofautisha. Mpimaji asiyelijua jambo hili atamwandikia mzazi kwamba masikio ya mtoto ni mazima, na cheti hicho kitamdhuru mtoto kuliko kutopimwa.

Hata hivyo, jibu la koklea peke yake si uthibitisho wa nuropathi. Wapo watoto waliowekwa katika vitengo vya viziwi kwa sababu hawasemi, ilhali wanasikia, na shida yao ni usonji au ulemavu wa akili. Ndiyo sababu kipimo hicho hufuatiwa na kile cha mwitiko wa shina la ubongo, ambao hupimwa kwa vibandiko vinavyowekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na kurekodi mawimbi ya umeme katika sehemu moja ya mia ya sekunde baada ya kila mlio. Asiyesema lakini anasikia atatoa mawimbi yaliyopangika. Mwenye nuropathi hatayatoa, au yatakuwa yameharibika vibaya. Mwanafunzi wa shule ana nafuu kuliko mtoto mchanga, kwa kuwa anaweza kuelezwa kwa alama alale atulie, asihitaji dawa ya usingizi.

Katika kipimo hiki kuna kitu kidogo cha kiufundi ambacho huamua kila kitu. Mlio unaweza kuanza kwa kusukuma hewa kuelekea kiwambo au kwa kuivuta, na umeme unaotoka kwenye seli za vinyweleo hupinduka mlio unapopinduliwa, ilhali mawimbi ya neva hayapinduki. Mashine nyingi zimepangwa kupokezanisha aina hizo mbili za milio ili kupata picha safi, na kwa kufanya hivyo huufuta umeme wa seli, ambao ndio ushahidi uliokuwa ukitafutwa. Mpimaji hulazimika kuzitenga aina hizo mbili, kuzilinganisha, kisha kuubana mrija wa sauti na kurudia, ili wimbi likibaki palepale ijulikane kuwa limetoka kwenye mashine wala si kwenye sikio. Kwa wanafunzi wakubwa ambao sauti ya koklea imeshatoweka, njia hii ndiyo inayobaki kuwatambua.

Jambo linalofuata utambuzi ni gumu zaidi, na hapa ahadi nyepesi hazifai. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, huwasaidia baadhi ya watoto hawa na wengine haiwapi kitu, kwa kuwa kuongeza ukubwa wa sauti hakurekebishi mpangilio wa wakati. Hufaa kujaribiwa kwa kipindi maalumu huku maendeleo yakiandikwa, na isipoleta faida mtoto asilazimishwe kuivaa ili kuwaridhisha wafadhili walioitoa. Maikrofoni inayovaliwa na mwalimu na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mwanafunzi hupunguza madhara ya kelele. Kipandikizi cha koklea, ambacho huamsha neva kwa mapigo ya umeme yaliyopangwa, huweza kuurudisha mpangilio huo pale hitilafu ilipo katika seli za ndani au kiungio chake, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto kifaa hicho mwaka 2017. Lakini hakisaidii pale neva yenyewe inapokuwa haipo, jambo linalochunguzwa kwa picha za MRI, na kwa mwanafunzi wa miaka 13 ambaye hajawahi kuelewa neno kwa sikio, faida yake ni ndogo kuliko kwa mtoto wa miaka miwili.

Kwa hiyo faida kubwa ya kumtambua mwanafunzi wa Bunda au Butiama huenda isiwe yake peke yake. Ikiwa chanzo ni cha kurithi kama ile hitilafu ya OTOF, kila mdogo wake anayezaliwa na wazazi hao wawili ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na hali hiyo hiyo, na mdogo huyo anaweza kupimwa akiwa bado katika umri ambao tiba ina nguvu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya watoto sita wenye uziwi wa OTOF waliotiwa jeni nzima ndani ya sikio huko Shanghai, China, ambapo watano walipata usikivu. Tiba hiyo bado iko mbali na Mara, lakini familia isiyojua aina ya uziwi wa mtoto wake haitajua hata kama inamhusu.

Kwa mwanafunzi mwenyewe, kinachobadilika mara moja ni namna ya kufundishwa. Macho yake hayana hitilafu, na Lugha ya Alama ya Tanzania humfikia kwa ukamilifu ambao sauti haiwezi kumpa; kuichelewesha lugha hiyo kwa matumaini kwamba siku moja sikio litazibuka ni kumnyima mtoto lugha katika miaka ambayo lugha hujengeka. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeitetea haki ya viziwi kuitumia lugha hiyo kwa miaka mingi, na katika suala hili watetezi wa lugha ya alama na wataalamu wa masikio hawana sababu ya kugombana: mtoto anaweza kuvaa kifaa na kuzungumza kwa mikono kwa wakati mmoja.

Nguzo za kuanzia zipo. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na orodha ya maswali machache juu ya watoto wanaoitikia sauti wasielewe maneno ingeingia katika kazi yao bila gharama. Musoma kuna Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuhudumia wananchi, na Mwanza kuna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Wilaya hizi tatu zina halmashauri tano, zikihesabiwa Manispaa ya Musoma na Mji wa Bunda, na kifaa kimoja cha kupima sauti ya koklea, kikizungushwa kwa ratiba inayoeleweka, kinatosha kwa vitengo vyote. Kununua kifaa kabla ya kukubaliana ni hospitali gani itawapokea watakaobainika, na nani atalipa nauli ya mtoto na mzazi hadi huko, ni kutangulia kusikofaa, na miradi kadhaa ya upimaji katika nchi zetu imeishia hapo: orodha ya majina imebaki kabatini.

Mzazi aliyewahi kuambiwa kwamba masikio ya mtoto wake ni mazima, ilhali mtoto haelewi anachoambiwa, asiridhike na jibu hilo. Aende na kadi ya kliniki, aeleze siku za kwanza za mtoto, na aombe kwa jina kipimo cha mwitiko wa shina la ubongo.